Malcolm X na Kamusi ya Gerezani

Katika toleo hili la gazeti letu napenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia. Mtu huyo ni Malcolm X, Mmarekani Mweusi, aliyeuawa mwaka 1965. Hotuba zake zinajulikana duniani kote, lakini namna alivyoyapata maneno ya hotuba hizo haisimuliwi sana hapa shuleni, nayo ndiyo iliyonifaa mimi.

Kwanza nieleze ilivyonifaa. Nilipoingia Kidato cha Kwanza nilitoka shule ya msingi ya kijijini kwetu, ambako tulifundishwa kwa Kiswahili. Hapa nikakuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Jumamosi moja kulikuwa na mdahalo bwaloni juu ya ukataji wa miti. Nilikuwa na jambo la kusema, kwa maana chemchemi ya kijijini kwetu ilikauka baada ya msitu uliokuwa juu yake kukatwa, na mama yangu sasa alikuwa akienda mwendo wa saa nzima kuteka maji. Nikanyosha mkono, nikasimama, nikasema sentensi mbili. Nilipofika kwenye chemchemi, Kiingereza chake sikukiona. Nikaitaja kwa Kiswahili. Mwenyekiti akanikumbusha sheria ya mdahalo, bwalo zima likacheka, nami nikaketi.

Usiku ule niliazima kamusi, nikaona kwamba chemchemi ni spring. Kumbe neno hilo nililijua tangu shule ya msingi! Ila nilidhani maana yake ni springi ya godoro basi. Nilikuwa kama mtu anayelala na njaa huku ufunguo wa ghala umo mfukoni mwake. Tangu siku ile sikunyosha mkono tena kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, mpaka niliposoma habari za Malcolm X katika kitabu cha maisha yake, ambacho yeye alimsimulia mwandishi Alex Haley, nacho kikatolewa mwaka 1965.

Malcolm alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Malcolm Little. Baba yake, Earl Little, alikuwa mhubiri na mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyewahimiza watu weusi wajivunie asili yao ya Afrika. Kwa sababu hiyo familia ilichukiwa na kutishwa, ikahama. Mwaka 1931, walipokuwa wakikaa Lansing katika jimbo la Michigan, baba alikutwa amekanyagwa na gari la abiria lipitalo juu ya reli za barabarani, akafa. Watu wa nyumbani kwake waliamini kwamba aliuawa na Wazungu wenye chuki. Malcolm alikuwa na umri wa miaka sita.

Mama yake, Louise, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, alibaki na kundi la watoto katika miaka ambayo kazi zilikuwa adimu Marekani nzima. Alijitahidi kadiri ya nguvu zake, lakini mwishowe akaugua akili, akawekwa hospitalini kwa miaka mingi. Watoto wakagawanywa huku na huku kama vifaranga waliokosa mama.

Pamoja na shida hizo Malcolm alikuwa hodari darasani. Katika mji wa Mason alisoma na watoto wa Kizungu, naye alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora, hata wenzake wakamchagua kuwa kiongozi wa darasa. Siku moja mwalimu wake mmoja alimwuliza angependa kufanya kazi gani baadaye. Malcolm akajibu kwamba angependa kuwa mwanasheria. Mwalimu akamwambia kwamba hilo si jambo la kutumainiwa na mtu mweusi, afadhali awe seremala. Useremala ni kazi ya heshima, na babu yangu mwenyewe alikuwa seremala. Lakini Malcolm aliona kwamba wenzake wa Kizungu, hata wale aliowashinda kwa alama, hawakuambiwa hivyo. Moyo wake ukapoa. Alipomaliza darasa la nane akaacha shule, na mwaka 1941 akaenda Boston kwa dada yake, Ella, mtoto wa baba yake.

Huko Boston, na baadaye katika mtaa wa Harlem, New York, Malcolm alifuata njia mbaya. Alicheza kamari, akauza bangi, akaiba. Mitaani alisifiwa kuwa mwongeaji mkubwa, maana lugha ya wahuni aliijua kuliko wote. Mwaka 1946, kabla hajatimiza miaka 21, alikamatwa kwa wizi wa majumbani, akahukumiwa kifungo cha miaka minane hadi kumi.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo ninapowaomba msome polepole.

Katika gereza la kwanza, lililoitwa Charlestown, Malcolm alikutana na mfungwa mmoja mtu mzima aliyeitwa Bimbi. Bimbi hakuwa na fedha wala nguvu ya kumshinda kila mtu, lakini alipozungumza wafungwa walinyamaza, na hata askari walisogea kumsikiliza. Malcolm alishangaa, kwa kuwa hakuwa amepata kuona mtu akiheshimiwa kwa maneno yake tu. Bimbi akamshauri atumie akili yake, asome vitabu na kujifunza kwa njia ya posta. Malcolm akaanza Kiingereza, na baadaye kidogo Kilatini. Alikuwa amekwisha kusahau mambo mengi ya shule.

Kisha ndugu zake wakaanza kumwandikia barua. Walikuwa wamejiunga na Nation of Islam, chama cha dini cha Wamarekani Weusi, ambacho kiongozi wake alikuwa Elijah Muhammad. Malcolm akataka kumwandikia kiongozi huyo. Basi yule bingwa wa maneno wa Harlem akashika kalamu, akaona hana neno. Lugha ya mitaani haikufaa katika barua ya heshima, na lugha nyingine hakuwa nayo. Ukurasa mmoja tu aliuandika na kuurudia, kwa makisio yake mwenyewe, kama mara 25. Hata mwandiko wake ulimwaibisha, kwani mistari ilikwenda upande.

Tena, kila alipofungua kitabu alikuta sentensi ambazo maneno yake mengi hayajui. Akawa anayaruka, na alipofika mwisho wa ukurasa hakuwa ameambulia kitu. Je, si hivyo ndivyo wengi wetu tunavyosoma vitabu vya Bayolojia na Historia? Macho yanafika mwisho wa sura, akili ikabaki mlangoni.

Mwaka 1948 alihamishiwa gereza la Norfolk, lililokuwa na maktaba kubwa kuliko kawaida ya magereza. Huko, ili apate dawa ya upungufu wake, aliomba kamusi, madaftari na penseli katika shule ya gereza. Siku mbili za kwanza alifunuafunua kurasa tu, asijue aanzie wapi, kwa kuwa hakuwa akijua kwamba kuna maneno mengi namna ile. Mwishowe akaanza kunakili. Alinakili ukurasa wa kwanza wote kwa mwandiko wake wa polepole, kila neno na maana zake, hata nukta na mikato. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima. Kisha akajisomea kwa sauti yote aliyoyaandika, tena na tena.

Asubuhi alipoamka alikuwa akiyafikiri maneno yale. Aliona fahari kwamba ameandika maneno ambayo jana hakujua kama yamo duniani. Yale aliyoyasahau aliyarudia. Neno moja la ukurasa ule halikumtoka kichwani maisha yake yote, nalo ni aardvark, jina la muhanga, yule mnyama wetu wa Afrika mwenye masikio marefu, achimbaye ardhi usiku na kula mchwa. Basi Mmarekani yule, aliyekuwa hajapata kuiona Afrika, alianza elimu yake na mnyama wa kwetu.

Siku ya pili alinakili ukurasa mwingine, kisha mwingine, mpaka herufi ya A ikajaza daftari zima. Akaendelea na B, akaendelea vivyo hivyo mpaka akaimaliza kamusi. Mkono wake ulizoea, ukaongeza mwendo. Alikisia kwamba katika miaka ile ya kifungo aliandika maneno milioni moja, pamoja na barua zake. Na jambo lililomfurahisha zaidi ni kwamba kitabu kikifunguliwa sasa alikielewa. Alisoma historia, falsafa, habari za utumwa na za mataifa ya zamani. Akajiunga na midahalo ya gerezani, ambayo ilikutanisha wafungwa na vijana wa vyuo vikuu.

Taa za Norfolk zilizimwa saa nne usiku, kama za mabweni yetu. Malcolm alikaa sakafuni karibu na mlango, mahali palipofikiwa na mwanga mdogo wa ukumbini, akasoma hadi saa tisa au saa kumi za usiku. Kila saa askari alipopita, yeye aliruka kitandani na kujifanya amelala. Mwalimu wa zamu asidhani kwamba nawafundisha wenzangu kuvunja sheria ya bweni! Malcolm mwenyewe aliingia gerezani na macho mazima, akatoka anahitaji miwani. Tuna saa za kutosha mchana, kama tukipunguza maongezi.

Agosti 1952 alifunguliwa. Akaacha jina la Little, ambalo alisema ni la mabwana waliowamiliki babu zake, akaweka X mahali pa jina la Kiafrika lililopotea. Akawa msemaji mkubwa wa chama chake. Baadhi ya maneno yake juu ya Wazungu yalikuwa makali kupita kiasi, na mwenyewe alikuja kuyasahihisha. Machi 1964 alitoka katika chama kile. Mwezi uliofuata alikwenda Makka kuhiji, akala na kusali pamoja na Waislamu wa kila rangi, naye akakiri waziwazi kwamba alikosea kuwahukumu watu wote wa rangi moja. Mwaka huohuo alizunguka Afrika, na Oktoba alifika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Desemba alizungumza katika mdahalo wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Tarehe 21 Februari 1965 alipigwa risasi akiwa jukwaani New York, mbele ya mkewe na watoto wake. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Nilipomaliza kusoma habari hizo katika Kidato cha Pili, nilikwenda maktaba siku ileile, nikaanza kunakili herufi ya A. Baada ya wiki mbili nilikuwa na kurasa sita na kidole chenye sugu, lakini darasani nilikuwa bubu vilevile. Nikamkasirikia Malcolm. Ndipo nikarudia sura ile, nikaona nililoliruka. Malcolm hakuanza na kamusi. Alianza na barua aliyotaka kuiandika, na vitabu alivyotaka kuvielewa. Maneno aliyoyanakili asubuhi aliyakuta kitabuni jioni, akayatumia katika barua kesho yake. Mimi nilikuwa nakusanya matofali bila kuwa na nyumba ya kujenga.

Nikabadili. Nilinunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila siku naandika maneno matano, siyafuati kwa herufi, bali nayachukua katika masomo ya siku ile. Kila neno naandika maana zake zote ninazozikuta katika kamusi, siyo moja tu, maana spring ilinifunza. Kisha natunga sentensi yangu mwenyewe juu ya jambo la kwetu: shamba, soko, mvua, ndugu zangu. Jumapili najisomea yote kwa sauti nyuma ya bweni, na yale niliyoyasahau nayaandika upya. Maneno matano ni machache, lakini haba na haba hujaza kibaba. Sasa nina madaftari manne, na maneno yaliyomo yamepita 1,500.

Muhula uliopita kulikuwa tena na mdahalo juu ya misitu. Nilisimama. Miguu ilitetemeka kama zamani, na Kiingereza changu kilikuwa na makosa mawili matatu ambayo mwalimu alinisahihisha baadaye. Lakini niliisimulia chemchemi yetu tangu mwanzo hadi mwisho, jinsi ilivyokuwa, jinsi ilivyokauka, na mwendo anaokwenda mama yangu. Safari hii hakuna aliyecheka. Rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Kwanza alinifuata nje, akaniuliza chemchemi kwa Kiingereza inaandikwaje. Nilimpa daftari langu la kwanza anakili.

Ndugu zangu, sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia mtihani, na wengine mnaanza safari. Msiogope wingi wa maneno. Kwanza tafuteni jambo mnalotaka kulisema, kisha yatafuteni maneno yake, nanyi mtayaona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne