Sir Michael Wood: Tabibu aliyefuata vidonda kwa ndege

ALIYEUNGUA moto Ruiru au Thika katika miaka ya hamsini aliweza, angalau, kufikishwa Nairobi siku iyo hiyo. Reli ilikuwa imefika Thika tangu 1913. Aliyepatwa na msiba huo Turkana alibaki na kidonda chake nyumbani. Kikipona, kilipona kwa kuvuta ngozi hata kidevu kikagandamana na kifua, au kiwiko kikakunjika kisinyooke tena.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoongoza maisha ya Michael Wood, daktari mpasuaji kutoka Uingereza aliyehamia Kenya mwishoni mwa miaka ya arobaini. Mkewe, Susan, binti wa wamishonari aliyezaliwa Kongo, ndiye aliyeanzisha karakana ya shanga za Kazuri mtaani Karen mwaka wa 1975.

Baadaye Wood alirudi Uingereza kujifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa Archibald McIndoe, bingwa aliyewarudishia nyuso marubani walioungua katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Kazi hiyo, ukiichunguza, ni ya kubembeleza mishipa ya damu. Ngozi iliyopandikizwa juu ya kidonda huishi siku mbili hivi za mwanzo kwa kunyonya majimaji yaliyo chini yake. Baada ya hapo lazima mishipa midogo ichipue kutoka kwenye kidonda na kuingia ndani yake. Damu ikiganda katikati, au usaha ukijikusanya, ngozi hufa. Ndiyo maana McIndoe mara nyingi alikiacha kipande cha ngozi kimeshikana na mahali kilipotoka, akakiviringa kama bomba, kisha akangoja wiki kadhaa kipate damu upande wa pili kabla ya kukikata.

Subira kama hiyo haiwezekani kwa mgonjwa asiyefika hospitali. Mnamo 1957 Wood, McIndoe na Mmarekani Tom Rees waliasisi shirika linalojulikana leo kama Amref. Wood alikuwa amejifunza urubani. Akawa anajiendeshea ndege hadi hospitali za mashambani, anapasua, kisha anaruka kwenda kwingine. McIndoe alifariki 1960, mwanafunzi wake akaendelea.

Wood aliona mishipa ikichipua. Kilichoiamuru ichipue au ikome, sayansi ya siku zake haikuwa na jibu kamili. Sehemu ya jibu ilianza kujitokeza 1993, miaka sita baada ya kifo chake, pale Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walipotangaza walichokigundua katika mnyoo mdogo mno: vipande vifupi vya RNA, herufi 22 hivi, visivyounda protini bali huzima ujumbe wa jeni nyingine. Vinaitwa maikroRNA. Wengi walidhani ni kioja cha mnyoo huyo tu. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2024.

Kimojawapo, miR-126, hukaa katika seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu na kuzisaidia kuitikia wito wa kukua. Kingine, miR-92a, huwa breki. Kidonda huhitaji vyote kwa zamu, kwa kuwa mishipa lazima iongezeke kwanza, kisha ipungue kovu linapokomaa. Kwa mwenye kisukari mizani hiyo huvurugika, na kidonda cha mguu kikakaa miezi. Dawa za kuirekebisha zingali majaribioni, hivyo mkazi wa Thika mwenye kidonda cha aina hiyo bado anategemea usafi, bandeji na kisu cha mpasuaji, kama enzi za Wood.

Malkia Elizabeth alimtunuku hadhi ya Sir mwaka wa 1985, mwaka ambao pia alishiriki kuanzisha Farm Africa, shirika la kusaidia wakulima wadogo. Huenda alichoka kutibu waliokwisha kudhoofishwa na njaa. Aliaga dunia 1987. Ndege za madaktari wa Amref zingali zinaruka kutoka uwanja wa Wilson.