Tesla: Chuo Aliacha, Swali Hakuliacha

Ukisikia jina Tesla, akili yako inakimbilia gari, sivyo? Tulia kwanza. Mwenye jina, Nikola Tesla, alizaliwa 1856 Smiljan, kijiji ambacho leo kiko Croatia. Babake, kasisi wa Orthodox, alitaka kijana afuate njia hiyo. Yeye akachagua umeme.

Akiwa chuoni Graz, Austria, aliona mashine ya umeme ikirusha cheche kwenye burashi. Akapendekeza burashi ziondolewe kabisa. Profesa akamweleza mbele ya darasa kuwa hiyo ni ndoto. Tesla aliondoka chuoni bila shahada, lakini swali akabeba.

Jibu lilimjia Budapest, 1882: mikondo ya umeme inayopishana izungushe nguvu ya sumaku, nayo ivute mota. Burashi za nini tena?

1884 akafika New York. Alimfanyia Edison kazi miezi michache, wakaachana. Waliomwekea mtaji baadaye wakamwacha bila senti, akaishia kuchimba mitaro kwa kibarua. Hebu fikiria: mota kichwani, sururu mkononi! 1888 akapata hataza, na George Westinghouse akanunua haki za mota hiyo.

Lakini ilikuwa na shida moja. Mwendo wake hufuata masafa ya umeme. Kwa hertz 50 zetu hapa Kenya, mota ya ncha nne hukimbia karibu mizunguko 1500 kwa dakika, upende usipende. Pampu ikitakiwa kutoa maji kidogo, unabana valvu huku umeme ukipotea bure.

Dawa ni konveta. Inageuza umeme wa gridi kuwa mkondo wa upande mmoja, halafu inaukatakata upya kwa masafa unayotaka. Ila mota na konveta lazima zielewane: ukishusha masafa, shusha na volteji, la sivyo mota inachemka mpaka iungue.

Tesla hakuiona siku hiyo. Alifariki Januari 1943, akiwa na miaka 86, peke yake kwenye chumba cha hoteli New York. Transista, mzazi wa konveta za leo, ilizaliwa 1947.

Sikwambii uache chuo, usije ukanitaja kwa mamako. Nakwambia hivi: lifti ikikuinua polepole bila kukurusha, kumbuka kuna kijana aliyeambiwa haiwezekani. Wewe swali lako umeliweka wapi?