Katharine Cook, muuguzi aliyewapa akina mama wakunga wa karibu

Kama wewe ni mama wa Katoro, unaijua safari ya kujifungua: uchungu unaanza usiku, pikipiki inatafutwa, na njia nzima unawaza utapokelewaje. Leo nakusimulia maisha ya muuguzi aliyefanya kazi ng'ambo ya Ziwa Victoria, huko Uganda, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kazi yake bado inakuhusu.

Alizaliwa Uingereza, jina lake Katharine Timpson. Mwaka 1896 alisafiri na kundi la wamisionari hadi Mombasa. Reli ilikuwa haijafika bara, hivyo walikwenda kwa miguu kwa miezi kadhaa, wakafika Mengo, Kampala, Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo daktari kijana, Albert Cook. Mwaka huohuo walianzisha Hospitali ya Mengo, na mwaka 1900 wakaoana. Mwaka 1902 radi ilipiga hospitali ikateketea kwa moto. Hawakukata tamaa, walijenga upya.

Hata hivyo, Katharine aliona jambo ambalo majengo pekee yasingelitatua. Mama anayetokwa damu kijijini hawezi kusubiri siku mbili afikishwe mjini. Kwa hiyo, mara Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikimalizika, alianzisha shule ya kuwafundisha wasichana wa Uganda ukunga. Shule hiyo ilipewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati huo. Yeye na mumewe waliandika pia kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Wahitimu walipelekwa kwenye vituo vidogo vya uzazi vijijini, mama akahudumiwa karibu na kwake, na mtu anayezungumza lugha yake.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Enzi hizo kulikuwa na hofu kubwa ya kaswende, na wamisionari, Cook na mkewe wakiwamo, waliihusisha mno na tabia za wanawake. Wanahistoria wanaona kuwa wengi waliodhaniwa kuwa na kaswende huenda waliugua buba, ugonjwa wa ngozi unaowapata hata watoto kwa kugusana tu. Mgonjwa akalaumiwa kwa kosa ambalo si lake.

Katharine alifariki mwaka 1938, mumewe mwaka 1951. Hospitali ya Mengo ipo hadi leo.

Wewe ujifunze nini? Kwanza, nenda kliniki mara tu unapohisi una mimba, usingoje tumbo lionekane. Nenda na mwenzako. Katika hudhurio la kwanza mpimwe kaswende na Virusi vya Ukimwi. Kaswende isiyotibiwa inaweza kuharibu mimba au kumuua mtoto tumboni, lakini hutibika kwa sindano ya penisilini. Baba anayeshinda machimboni naye apimwe, la sivyo mama atatibiwa leo na kuambukizwa tena kesho. Kupima si aibu wala si kesi ya uasherati.

Pili, usisubiri nyumbani kwa kuogopa gharama. Sera ya nchi yetu inaelekeza huduma za wajawazito zitolewe bure kwenye vituo vya umma. Wekeni akiba ya nauli mapema. Ukitokwa damu, ukiumwa kichwa sana, ukiona ukungu machoni, ukivimba uso na mikono, ukipata degedege, maji yakimwagika kabla ya uchungu au mtoto akipunguza kucheza, nenda kituoni saa hiyohiyo.

Na wewe mkunga unayesoma hapa, mama aliyetukanwa safari hii, safari ijayo atajifungulia nyumbani. Neno lako jema halina bei, nalo huokoa maisha.

Tukutane wiki ijayo.