Michael Grzimek, Rubani Aliyelala Ngorongoro (1934–1959)

Wasafiri watokao Karatu kwenda Serengeti, wakiisha kupita lango la Loduare na kupanda msituni hadi ukingo wa kreta, huona mnara wa mawe wenye umbo la piramidi. Hapo amezikwa Michael Grzimek, Mjerumani aliyefariki akiwa na umri wa miaka 24.

Michael alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Dakta Bernhard Grzimek, alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na tangu ujana wake Michael alishirikiana naye kupiga picha za sinema. Mapato ya filamu yao ya mwaka 1956 walitaka kuyatoa ili ardhi inunuliwe kwa ajili ya wanyama wa Tanganyika. Mkuu wa hifadhi za taifa wa wakati ule aliwashauri afadhali wawahesabu wanyama wa Serengeti, kwa kuwa mipaka ya hifadhi ilikuwa karibu kubadilishwa na hakuna aliyejua nyumbu huhamia wapi.

Baba na mwana walijifunza urubani, na Desemba 1957 waliondoka Ujerumani kwa ndege yao ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia ya pundamilia. Namba yake ilikuwa D-ENTE, na “Ente” kwa Kijerumani ni bata. Waliruka chini chini juu ya mbuga, mstari baada ya mstari, wakahesabu wanyama wakubwa zaidi ya 366,000. Waligundua pia kwamba nyumbu walitumia malisho ambayo mipaka mipya ingeyaacha nje.

Kazi ya namna hiyo ina hatari yake. Rubani wa injini moja hufundishwa kwamba dharura ikimpata, kwanza aendelee kuiongoza ndege: atunze mwendo, achague mahali pa kutua, kisha ndipo atafute kasoro na kuita kwa redio. Do 27 iliweza kutua mahali pafupi, na uwanda wa Serengeti ni kama kiwanja kisicho na mwisho. Injini ikizimika, tumaini lipo. Lakini mafunzo hayo yote hudai mambo mawili: usukani unaotii, na nafasi ya kutosha kati ya ndege na ardhi. Tena anga ya huku ina wenyewe. Jua likipasha ardhi, tumbusi hupanda na hewa ya moto wakizunguka. Mmoja aweza kuwa na uzito wa kilo saba au zaidi, na mwaka 1973 tumbusi wa jamii ya Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani, juu ya uwanda wa Salei, kaskazini mwa kreta. Tumbusi aligonga bawa la kulia. Bawa likapinda, nyaya za usukani zikakwama, ndege ikaanguka. Hapakuwa na dharura ya kushughulikia tena, kwa maana hakuwa na kitu cha kushika. Aliacha mjane.

Baba aliikamilisha kazi. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na fedha nyingi za uhifadhi zikafuata. Hata hivyo mipaka waliyoipinga ilipitishwa mwaka uleule wa 1959: Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, na Wamasai wakahamishwa kutoka Serengeti. Haki yadai kusemwa kwamba katika maono ya akina Grzimek wanyama walikuwa na nafasi pana kuliko wafugaji waliokuwa wakiishi nao, na jambo hilo halijasahauliwa katika maboma ya huku.

Bernhard alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro, yakazikwa kando ya mwanawe.