Eliza R. Snow

Eliza Roxcy Snow (Becket, Massachusetts, Marekani, 21 Januari 1804 – Salt Lake City, Utah, 5 Desemba 1887) alikuwa mshairi, mwalimu na kiongozi wa wanawake katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake hujulikana zaidi kwa jina la Wamormoni.

Anakumbukwa hasa kama katibu wa kwanza na baadaye rais mkuu wa pili wa chama cha wanawake cha kanisa hilo, ambacho kwa Kiswahili huitwa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama. Chama hicho kiliposimamishwa mwaka 1845, yeye ndiye aliyehifadhi daftari la kumbukumbu za vikao vyake. Zaidi ya miaka 20 baadaye alilitumia daftari hilo kukifufua.

Maisha ya awali

Eliza alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa Oliver Snow na Rosetta Pettibone. Alipokuwa bado mdogo wazazi wake walihamia Mantua, katika jimbo la Ohio, ambalo wakati huo lilikuwa eneo jipya la walowezi. Baba yake alikuwa mkulima na pia alishika nyadhifa za umma katika eneo hilo. Eliza alimsaidia kama karani, na kazi hiyo ilimzoeza tangu ujana kuandika kumbukumbu kwa usahihi na kutunza karatasi. Nyumbani alijifunza pia kushona na kufuma, kama wasichana wengine wa mashambani.

Alianza kuchapisha mashairi katika magazeti ya Ohio akiwa kijana, mara nyingi kwa majina ya kubuni. Mwaka 1826, marais wa zamani John Adams na Thomas Jefferson walipofariki siku moja, tarehe 4 Julai, aliandika shairi la maombolezo lililomfanya ajulikane katika eneo lake.

Familia ilikuwa ya Kibaptisti, kisha ikajiunga na kundi la Alexander Campbell, lililotaka kurudisha Ukristo wa nyakati za Mitume. Mwaka 1831 mama yake na dada yake Leonora walijiunga na kanisa jipya la Joseph Smith, lililoanzishwa mwaka mmoja kabla. Eliza alichelewa kuamua. Alibatizwa tarehe 5 Aprili 1835, akiwa na umri wa miaka 31. Mdogo wake Lorenzo alimfuata mwaka 1836, na baadaye akawa rais wa tano wa kanisa hilo (1898–1901).

Kirtland na Missouri

Baada ya kubatizwa Eliza alihamia Kirtland, Ohio, makao makuu ya kanisa wakati huo. Alitoa fedha zake za urithi kusaidia ujenzi wa hekalu la kwanza, lililowekwa wakfu Machi 1836. Alifundisha shule na kuishi kwa muda katika nyumba ya Joseph Smith na mkewe Emma.

Mwaka 1838 alihamia Missouri pamoja na ndugu zake. Huko uhasama kati ya Wamormoni na majirani zao uligeuka kuwa mapigano. Tarehe 27 Oktoba 1838 gavana Lilburn Boggs alitoa amri ya kuwafukuza Wamormoni jimboni au kuwaangamiza. Familia ya Snow ilikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbilia Illinois, ambako Wamormoni walijenga mji wa Nauvoo kando ya mto Mississippi.

Chama cha wanawake Nauvoo

Mapema mwaka 1842 wanaume wa Nauvoo walikuwa wakijenga hekalu, na wengi wao walikosa nguo za kufaa kwa kazi. Mshonaji Margaret Cook alitaka kuwashonea mashati lakini hakuwa na kitambaa. Sarah Kimball, aliyekuwa na uwezo zaidi, alikubali kutoa kitambaa. Majirani walipotaka kujiunga nao, wanawake hao waliamua kuunda chama, na Eliza aliombwa kuandika katiba yake.

Joseph Smith alipoisoma katiba hiyo aliisifu, lakini akasema kwamba anataka kuwapa wanawake utaratibu ulio bora zaidi, unaofanana na ule wa ukuhani wa kanisa. Tarehe 17 Machi 1842 wanawake 20 walikutana naye katika chumba cha juu cha duka lake la matofali mekundu. Walimchagua Emma Smith kuwa rais. Emma aliwateua Sarah Cleveland na Elizabeth Ann Whitney kuwa washauri wake. Eliza alikuwa katibu na Elvira Cowles mweka hazina.

Chama kilikua haraka, na kufikia Machi 1844 kilikuwa na wanachama zaidi ya 1,300. Chumba cha juu hakikutosha tena, hivyo mara nyingine walikutana nje chini ya miti. Walichangia fedha, nguo, sufu, sabuni na vyakula kwa ajili ya maskini, wajane na wahamiaji wapya. Mwezi Julai 1843 waliteua wanawake 16, wanne kwa kila sehemu ya mji, kupita nyumba kwa nyumba ili kujua nani ana shida na nani anaweza kusaidia. Utaratibu huo wa kutembeleana ukawa desturi ya kudumu ya chama. Katika vikao vyao waliimba, walisali, walitoa ushuhuda na kuwaombea wagonjwa.

Eliza, akisaidiwa na wengine alipokuwa hayupo, aliandika yaliyosemwa, majina ya waliopokelewa na michango ya kila mmoja, hata iliyokuwa midogo sana. Aliandika pia hotuba ambazo Joseph Smith aliwapa wanawake. Hotuba hizo hazikuhifadhiwa kwa ukamilifu huo mahali pengine.

Mitala na kusimamishwa kwa chama

Wakati huohuo Joseph Smith alikuwa ameanza kufundisha kwa siri ndoa ya wake wengi. Tarehe 29 Juni 1842 Eliza aliolewa naye kwa siri. Emma, rais wa chama na mke wa kwanza wa Smith, alikuwa mpinzani mkubwa wa mitala. Kwa hiyo rais na katibu, waliokuwa marafiki wa karibu na waliokaa meza moja katika vikao, walitenganishwa na jambo ambalo halikuweza kujadiliwa waziwazi. Kuanzia Agosti 1842 hadi Februari 1843 Eliza aliishi katika nyumba ya akina Smith, kisha akaondoka.

Machi 1844 Emma alitumia mikutano ya chama kuwahimiza wanawake kupinga mitala. Baada ya hapo chama hakikukutana tena. Tarehe 27 Juni 1844 Joseph Smith na kaka yake Hyrum waliuawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage. Brigham Young, aliyechukua uongozi, aliamuru Machi 1845 kwamba mikutano ya wanawake isimame. Emma alibaki Illinois na hakumfuata Young.

Eliza alichagua njia nyingine. Mwezi Oktoba 1844 alikuwa ameolewa na Brigham Young kama mmoja wa wake zake wengi. Hakuzaa watoto katika ndoa yoyote kati ya hizo mbili. Mwaka 1845, akiwa bado katika majonzi, aliandika shairi lililokuja kuwa wimbo maarufu wa kanisa, ambalo linamtaja Mama wa mbinguni pamoja na Baba. Mafundisho hayo yanajulikana miongoni mwa Wamormoni hadi leo, kwa kiasi kikubwa kupitia shairi hilo.

Safari ya kwenda Utah

Februari 1846 Wamormoni walianza kuondoka Nauvoo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Eliza alilichukua daftari la vikao miongoni mwa mizigo yake michache. Wengi walifariki njiani kwa baridi na magonjwa. Katika kambi ya Winter Quarters, karibu na mto Missouri, wanawake walikutana katika vibanda na mahema kusali na kubarikiana, ingawa chama chenyewe hakikuwepo tena. Eliza alifika bonde la Salt Lake tarehe 2 Oktoba 1847.

Baadaye aliishi katika Lion House, nyumba kubwa ya familia ya Young mjini Salt Lake City. Mwaka 1856 alichapisha kitabu chake cha kwanza cha mashairi, na cha pili mwaka 1877.

Kufufua chama

Katika miaka ya 1850 vikundi vichache vya wanawake viliundwa Utah, hasa kuwashonea nguo Waindio na kusaidia maskini, lakini havikudumu. Mwishoni mwa mwaka 1867 Brigham Young aliamua kwamba chama kianzishwe tena katika kila kata. Kata kwa Wamormoni ni usharika mmoja, na askofu wake ni muumini wa kawaida anayejitolea bila mshahara. Mwaka 1868 Young alimpa Eliza kazi ya kuwasaidia maaskofu kuunda vikundi hivyo.

Eliza alikuwa na umri wa miaka 64. Alisafiri toka kata hadi kata akiwa na daftari la Nauvoo, akaeleza jinsi chama kilivyoanzishwa, nani alichaguliwa na kwa utaratibu gani. Aprili 1868 gazeti la Deseret News lilichapisha makala yake kuhusu jambo hilo. Kwa njia hiyo wanawake ambao hawakuwahi kufika Nauvoo walipata mfano mmoja wa kufuata: rais, washauri wawili, katibu, mweka hazina na wanawake wa kutembelea nyumba. Alisisitiza kwamba kila kikundi kiandike kumbukumbu zake.

Shughuli za vikundi zilikuwa nyingi. Wanachama walishona, walihudumia wagonjwa na waliandaa miili ya marehemu kwa mazishi. Kata ya 15 ya Salt Lake City, chini ya Sarah Kimball, iliweka jiwe la msingi la ukumbi wake Novemba 1868: ghorofa ya juu ilikuwa ya mikutano na ya chini ilikuwa duka la ushirika. Wengine walipanda miforosadi na kufuga viwavi wa hariri. Kuanzia mwaka 1876, chini ya Emmeline Wells, wanawake walikusanya na kuhifadhi ngano kwa ajili ya nyakati za njaa. Ngano hiyo ilidumu hadi mwaka 1918, ilipouzwa kwa serikali ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Eliza alihimiza pia wanawake wasomee udaktari na ukunga. Mwaka 1882 chama kilifungua Hospitali ya Deseret, naye akawa rais wa bodi yake. Alishiriki kuanzisha umoja wa wasichana (1869), na alimuunga mkono Aurelia Rogers kuanzisha mafunzo ya watoto (1878). Miaka 1872–1873 alizuru Palestina pamoja na Lorenzo. Tarehe 19 Juni 1880 aliteuliwa rasmi kuwa rais mkuu wa chama.

Siasa na haki ya kupiga kura

Januari 1870 maelfu ya wanawake walikusanyika Salt Lake City kupinga muswada wa kuadhibu mitala. Eliza alikuwa kati ya wasemaji. Februari mwaka huohuo wanawake wa Utah walipewa haki ya kupiga kura, miaka 50 kabla ya katiba ya Marekani kuwahakikishia haki hiyo wanawake wa nchi nzima. Bunge la Marekani liliifuta mwaka 1887 kwa sheria iliyolenga kukomesha mitala. Eliza alitetea mitala hadi mwisho wa maisha yake, msimamo ambao wanawake wengine, hata waliowahi kuwa Wamormoni, waliupinga vikali. Kanisa lenyewe lilitangaza kuiacha mwaka 1890, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Kifo na urithi

Eliza alifariki katika Lion House tarehe 5 Desemba 1887 akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa katika makaburi ya familia ya Young. Nafasi yake ilichukuliwa na Zina Young.

Daftari la Nauvoo limebaki kuwa chanzo muhimu cha historia, hasa kuhusu mamlaka ya wanawake. Katika kikao cha tarehe 28 Aprili 1842 Eliza aliandika kwamba Joseph Smith aliwageuzia wanawake ufunguo. Waandishi wa historia ya kanisa walipoihariri hotuba hiyo mwaka 1855, waliandika kwamba aligeuza ufunguo kwa niaba yao. Tofauti hiyo ndogo ya maneno imejadiliwa sana na wanahistoria, na isingejulikana kama daftari lingepotea. Kumbukumbu hizo zilichapishwa kwa ukamilifu katika kitabu mwaka 2016.

Kanisa hilo lilitambuliwa rasmi nchini Tanzania mwaka 1992, na Kitabu cha Mormoni kizima kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2000. Katika Nyanda za Juu Kusini, kama vile Mbeya na Iringa, vikundi vya kina mama vinajulikana zaidi kupitia makanisa ya zamani: Wamoravian, Walutheri, na Wakatoliki wenye WAWATA, iliyoanzishwa mwaka 1972. Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama una mpangilio unaofanana navyo: viongozi wa kujitolea, kutembelea wagonjwa na wafiwa, mafundisho ya pamoja, na katibu mwenye daftari.