Selous: alianza na gobore, akaishia Beho Beho



Sisi wa Mbingu na Ifakara jina la Selous tumelisikia tangu utotoni, ila wengi wetu tunadhani ni jina la pori tu. Ni mtu. Maji ya mto wetu Kilombero yakikutana na Luwegu huzaa Rufiji, na huko mbele, kaskazini ya Rufiji, ndiko alikozikwa.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Kwao kulikuwa na uwezo, akasomeshwa Rugby, lakini kijana akili yake yote ilikuwa porini. Mwaka 1871, akiwa na miaka 19, akashuka Afrika Kusini na pauni 400 mfukoni. Hata hajaanza kazi, bunduki yake nzuri ya mitutu miwili ikaibiwa.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. Badala yake alinunua magobore mawili ya bei ya chini yaliyotengenezwa Birmingham, silaha za kuwindia bata! Kila moja ilikaribia kilo sita. Unamimina konzi ya baruti mdomoni, unashindilia gololi ya risasi ya zaidi ya gramu mia, unaweka fataki, unaomba Mungu. Ndani mtutu ulikuwa laini kama bomba la maji, kwa hiyo ilibidi umsogelee tembo karibu kabisa. Mwaka 1872 alipokwenda kwa mfalme Lobengula wa Wandebele kuomba ruhusa ya kuwinda, mfalme alicheka akimwona mtoto tu. Mpaka 1874 mtoto huyo alikuwa ameua tembo 78 kwa magobore yale. Siku moja moja ilishindiliwa mara mbili kwa bahati mbaya, ikamrusha nyuma kama gunia. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba mateke yale yalimharibia ulengaji wake maisha yote.

Alipopata fedha akahamia kwenye bunduki za Gibbs wa Bristol, zenye mtutu uliochongwa kwa mtindo wa injinia Metford. Tofauti yake na gobore ni hii: ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka kama uzi wa skrubu, inaishika risasi na kuizungusha ili isiyumbe angani. Metford aliifanya mifereji hiyo iwe na kina kidogo, masizi ya baruti yasigande sana. Na fundi yeyote wa bunduki atakwambia, mifereji peke yake haitoshi. Ule ukingo wa mdomo, pale risasi inapoagana na chuma, lazima uwe sawa pande zote. Ukibonyea au ukilika upande mmoja kwa ufito wa kusafishia, moshi unatoka upande mmoja kabla ya mwingine, risasi inakwenda kombo. (Siku hizi wapo wanaochonga mifereji na nje ya mtutu, hiyo ni kupunguza uzito na kupoza chuma.)

Sasa, tusimpambe kupita kiasi. Mwaka 1890 ndiye aliyeongoza njia ya msafara wa Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, na 1893 akapigana upande wa Kampuni dhidi ya watu wa Lobengula yuleyule aliyempa ruhusa ya kuwinda. Kwangu mimi hilo ni doa kubwa kuliko tembo wote. Na huku kwetu, mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Wissmann, alitoa amri kwamba kuwinda ni kwa leseni. Mndamba aliyemuua tembo au kiboko bondeni kwa desturi za babu zake akageuka mkosaji. Mzungu aliyeua makumi kwa gobore akaitwa shujaa, mwandishi wa vitabu, rafiki wa Roosevelt, ambaye alimsaidia kupanga ile safari yake ya 1909.

Vita Kuu ilipoanza Selous alikuwa mzee, lakini aling'ang'ania mpaka wakamkubali. Mei 1915 alishuka Mombasa na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, umri miaka 63. Juni alikuwa Bukoba wakati Waingereza walipouvamia mji. Malaria na kuhara vilikimaliza kikosi chake kuliko risasi, vijana wakirudishwa kwa machela na mzee anatembea. 1916 alipewa nishani ya DSO.

Tarehe 4 Januari 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, kikosi kilipambana na watu wa Lettow-Vorbeck pale Beho Beho. Selous aliinua kichwa kutafuta wadunguzi walikojificha. Risasi moja ya kichwa, basi. Lettow-Vorbeck mwenyewe alisikitika. Mwaka mmodi kamili baadaye, 4 Januari 1918, mwanawe Freddie, rubani, naye aliuawa vitani.

Waingereza walilipa pori jina lake mwaka 1922. Mwaka 2019 sehemu kubwa ikamegwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na Beho Beho imo humo. Kwa hiyo leo Selous amelala kwa Mwalimu, na jina lake limebaki kwenye kipande cha pori kilichosalia. Kaburi lipo chini ya miti, na bamba lake.

Wazee wa Mbingu mliowahi kushindilia gobore, semeni hapa chini lilikuwa linapiga hatua ngapi.