Tippu Tip: Kijana wa sandarusi aliyejipatia kiti cha uchifu Kongo

VITSHUMBI, Kivu Kaskazini – Kiswahili ambacho wavuvi wa Vitshumbi wanakitumia kupatana bei ya samaki hakikuzaliwa kando ya Ziwa Edward. Kiliingia mashariki mwa Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka pwani, kisha utawala wa kikoloni ukakisambaza zaidi. Katika misafara hiyo hakuna jina lililovuma kama la Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip.

Alizaliwa Zanzibar mnamo mwaka 1837, katika ukoo wenye asili ya Oman uliokwisha kuchanganyika na Waafrika wa pwani na bara. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mkubwa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo nchini Tanzania, na alikuwa ameoa katika nyumba ya mtemi wa huko.

Hamed alianza kazi akiwa na umri wa miaka 12, akisafirisha sandarusi katika safari fupi za pwani. Alipofika miaka 18 hivi alifuatana na baba yake bara, na baadaye akavuka Ziwa Tanganyika kuingia nchi ambayo leo ni Kongo.

Biashara yenyewe iliendeshwa kwa mkopo. Matajiri wa Zanzibar, wengi wao Wahindi, walitoa nguo za merikani, shanga na baruti, nao walilipwa kwa pembe msafara uliporudi, pengine baada ya miaka kadhaa. Pembe zilipimwa kwa frasila, kila frasila ikiwa na kilo 16 hivi. Aliyerudi mikono mitupu alibaki na deni. Kwa hiyo kiongozi wa msafara aliyeshindwa kununua pembe alikuwa na kishawishi kikubwa cha kuzinyang'anya.

Mwaka 1867 Hamed aliingia Itabwa, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Chifu wake, Nsama, alikuwa ameshawahi kuwafukuza wafanyabiashara wa pwani na kuogopwa kote. Mapigano yalizuka, Hamed akajeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki za watu wake zilishinda. Alichukua shehena kubwa ya pembe. Inaelezwa kwamba jina Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki hizo, ingawa wengine husema lilitokana na macho yake yaliyopepesa mara kwa mara.

Sifa ya ushindi huo ilimfungulia milango Zanzibar. Taria Topan, mmoja wa matajiri wakubwa wa Kihindi mjini humo, alimpa mali nyingi kwa mkopo, naye akarudi bara na msafara mkubwa zaidi.

Hatua iliyofuata haikuhitaji risasi. Akielekea Utetera, upande wa mto Lomami, alisikia kwamba zamani ndugu wa kike wa chifu Kasongo Rushie walitekwa na mtawala wa Waluba. Tippu Tip akatangaza kwamba mmoja wa wanawake hao ndiye bibi yake. Mzee huyo akamwamini, akamwachia kiti. Ushuru wa pembe sasa ulimjia mgeni kama haki yake. Baadaye alisimulia hila hiyo mwenyewe, bila kuona haya, katika kitabu cha maisha yake alichokiandika kwa Kiswahili.

Mwaka 1874 alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba, alikokutana na Mwingereza Cameron, kisha akaweka makao Kasongo, Maniema. Miaka 2 baadaye Stanley aliahidi kumlipa dola 5,000 amsindikize kwa mwendo wa safari 60 kuteremka mto. Tippu Tip alirudi kabla hazijatimia.

Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimteua kuwa wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyetajirika kwa pembe na watumwa sasa alipewa kazi ya kuzuia biashara ya watumwa.

Wakati huo makundi ya Maniema yalikuwa yameshafika misitu ya Ituri. Vijiji vilichomwa, wanawake na watoto wakashikwa mpaka ndugu zao walete pembe. Mwaka 1889 msafara wa Stanley, ambao Tippu Tip aliahidi kuupa wapagazi, ulifika kwenye ziwa la Vitshumbi. Stanley akaliita kwa jina la mwana wa malkia wa Uingereza.

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890 na hakurudi. Vita vya mwaka 1892 hadi 1894 kati ya watu wa Leopold na Waarabu vilimuua mwanawe Sefu na kuangusha Nyangwe na Kasongo. Yeye alifariki Zanzibar Juni 1905, akiwa tajiri.

Wenyeji wa Maniema na Ituri hawakugawiwa chochote katika utajiri huo. Wenye bunduki waliowafuata nao walikuja na hati ya serikali ya Leopold, wakaendelea kudai pembe, na baadaye mpira.